Vifaru vya Kuachwa Bila Dereva

Jumamosi, 17 Septemba 2011, saa 9:59 alasiri, umeme ulikatika Mafiga, Morogoro.

Kompyuta zetu saba zilizima kwa pamoja. Baada ya hapo hakuna aliyegusa kibodi.

Saa 10:01 tulishinda mechi.

Najua inavyosikika. Nilikuwepo, na nitaeleza kwa mpangilio.

Naitwa Yustina. Nafundisha fizikia sekondari. Mwaka ule nilikuwa na miaka thelathini na moja, na kila Jumamosi nilicheza mchezo wa vifaru vya vita kwenye intaneti, timu ya watu saba dhidi ya saba. Walimu wenzangu waliona ni utoto. Sikuwaomba ruhusa.

Tulichezea kwa Stambuli, fundi kompyuta na nahodha wetu. Chumba chake zamani kilikuwa duka la ushirika; juu ya mlango maandishi mekundu yalikuwa bado yanasomeka chini ya chokaa. Watu waliowahi kupanga foleni ya sukari pale sasa walikuja kutuma barua pepe kwenye kompyuta za mtumba kutoka Ulaya.

Timu tuliiita Bondwa Saba, kwa jina la kilele tunachokiona tukifungua dirisha la nyuma. Vijana wanne wa mtaani, Stambuli, mimi, na Mzee Nasibu.

Mzee Nasibu alikuwa dereva wa lori la kabichi, Mgeta hadi Dar. Siku ya kwanza alikuja kuchapisha barua, akaona tunacheza, akavuta kiti.

"Nimeendesha kila kitu isipokuwa hiki," alisema. Hakuondoka.

Ule ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Ligi tuliyocheza ilikuwa na kanuni moja iliyotuhusu sisi kuliko wengine: timu ikipoteza mechi tatu kwa kukatika mtandao katikati ya mchezo, inafutwa.

Tulikuwa tumeshapoteza mbili.

Mechi iliyofuata ilikuwa na Sinza Chuma, ya Dar. Nahodha wao, Erick, alikuwa na haki ya kupanga saa kwa sababu kati ya mechi zetu mbili, ya kwanza ilikuwa ya kwao. Akapanga saa 9:55 alasiri.

Ratiba ya mgao ilionyesha Mafiga inazimwa saa 10:00.

Stambuli alimpigia simu, akaweka spika.

"Erick, kaka, tuwahishe. Hata saa nane."

"Kwani saa kumi kasoro tano ina nini?"

"Usijitoe ufahamu. Mgao."

"Ratiba ninayo hapa, bro. Mafiga, saa kumi mpaka saa nne usiku. Poleni."

"Kumbe unajua."

"Najua. Nunueni jenereta kama watu wa mjini. Ama chezeni bao, halitumii umeme."

Nyuma yake watu walicheka. Simu ikakatwa.

Jenereta la Stambuli lilikuwa kwa fundi tangu Julai. UPS, betri ya dharura, ilikuwepo moja, ilijua kupiga kelele tu.

"Tujitoe," Stambuli alisema. "Bora tujitoe wenyewe kuliko kufutwa."

"Hapana," nilisema.

"Madam, umeme hausikilizi hapana."

"Sibishani na umeme. Nabishana na wewe."

Nilikuwa na daftari. Tangu Julai niliandika kila mara umeme ulipokatwa Mafiga: siku, saa, dakika. Siku kumi na tisa za ratiba ya jioni. Mara zote ulichelewa. Mapema kabisa ilikuwa saa 10:01, mwisho saa 10:11.

Mechi huwa ya dakika kumi. Kwa hiyo swali halikuwa kama tutazimika. Swali lilikuwa tukizimika, vifaru vyetu vitafaa nini.

Maana kwenye mchezo huu, mchezaji akikatika, kifaru chake hakitoweki. Kinabaki uwanjani kilipoachwa. Hata kikipigwa kikafa, mzoga wake unabaki palepale.

Hapo nilikumbuka jambo la mwezi wa nne. Nilikwenda Mgeta kwenye msiba. Wakati wa kurudi, lori la karoti lilifia kwenye kona, mlima upande huu, korongo upande ule. Nilikaa pale saa tano na dakika ishirini. Lile lori halikuwa na injini inayowaka wala dereva, alikuwa ameshuka kutafuta spea. Na hakuna gari lililolipita.

Jumatano tulikutana kuchagua vifaru.

Kila kifaru kina daraja, na madaraja ya timu nzima hayatakiwi kuzidi 42. Mara zote tulichukua vifaru saba vya daraja la sita. Sita mara saba, arobaini na mbili, kila mtu na mzinga wake, kila mtu ameridhika. Na mara zote tulipigwa.

Niliandika ubaoni: daraja la saba, vitano. Daraja la sita, kimoja. Daraja la kwanza, kimoja.

"Daraja la kwanza?" Stambuli aliuliza. "Kile kibajaji?"

"Ndicho."

"Madam, kile kinakufa kwa kukohoa."

"Ni kifupi, kinapita vichakani bila kuonekana."

"Na hivi vitano vya juu? Hivi si ndivyo vyenye mizinga mibovu kuliko vyote vya daraja lake?"

"Ndivyo. Pia ndivyo vipana na vizito kuliko vyote."

"Mibovu, halafu unavichagua."

"Sivichagui vipige. Vizibe."

Mzee Nasibu alianza kucheka taratibu, mabega yakitikisika.

"Kona ya Mgeta," alisema.

"Ndiyo, mzee."

Nilichora uwanja. Sinza walikuwa walinzi. Ngome yao ilikuwa nyuma ya mwamba, yenye mlango mmoja unaoingiza vifaru vitatu sambamba. Ndani kulikuwa na duara la ngome, na ndani ya duara ghala la mawe. Kifaru chetu kimoja kikikaa ndani ya duara sekunde mia moja bila kupigwa, ngome imetekwa, mechi imeisha. Haijalishi kama mwenye kifaru yupo au amekwenda kunywa chai.

"Wao si watakuwa ndani?" kijana mmoja aliuliza.

"Nimetazama rekodi zao nne. Zote nne, kufika dakika ya pili wametoka wote saba kuwinda."

"Na mimi?" Stambuli aliuliza. "Nimebaki na daraja la sita."

"Wewe unakufa mapema."

Niliweka kidole kwenye mchoro.

"Kando ya mto," niliendelea. "Piga risasi hovyo, wakuone. Wakikuona watakufuata wote. Sisi watano tunapita nyuma ya mwamba, tunaingia mlangoni, tunageuka, tunaegesha. Watatu mbele, wawili nyuma."

"Nahodha afe wa kwanza, dakika ya pili?"

"Kwa wastani huwa unakufa dakika ya tatu. Unapoteza dakika moja."

Vijana walicheka mpaka mmoja akaporomoka kutoka kitini. Stambuli aliniangalia kwa muda, akaangalia ubao, akavuta kipanya, akachagua kifaru chake. Nakumbuka hilo kwa heshima.

Kibajaji nilimpa Mzee Nasibu. Sababu ilikuwa moja: katika michezo arobaini hakuwahi kugonga jiwe.

Mechi ilianza saa 9:55 kamili.

Stambuli alipiga kelele zake kando ya mto. Sinza wakashuka wote saba, kama kwenye rekodi. Erick akaandika kwenye sehemu ya maneno: "Watu wa mikoani, muda wenu unaisha."

Stambuli alikufa saa 9:57. "Nimekufa vizuri?" aliuliza.

"Vizuri sana, nahodha," Mzee Nasibu alimjibu.

Saa 9:58 sisi watano tulikuwa mlangoni. Tuligeuka, tukapangana deraya kwa deraya. Mzee alikuwa amepita katikati yetu, yuko ndani, anatambaa nyuma ya vichaka kuelekea kwenye duara. Kwa hesabu yangu tulikuwa na dakika tatu kabla ya giza.

Saa 9:59 skrini zote zikawa nyeusi.

Feni ya dari ilizunguka kidogo, ikasimama.

Nilitazama saa yangu, kisha daftari, kisha saa tena. Siku kumi na tisa umeme ulichelewa. Siku ya ishirini uliwahi.

"Saa kumi na dakika moja, ulisema," Stambuli aliniambia. Hakupaza sauti. "Daftari lako limesema."

"Nimekosea," nilisema.

"Mzee hakuwa hata ameingia kwenye duara. Si ilibaki kama mita sitini?"

"Kama sitini," nilikubali.

"Basi tumefutwa. Chumba kizima tumefutwa kwa ajili ya daftari."

Kwa nilivyojua mimi, alikuwa sahihi.

Mzee Nasibu alikuwa amekunja mikono kifuani. Alikuwa ameikunja hivyo tangu kabla skrini hazijazima, lakini hilo nilikuja kulikumbuka baadaye.

Saa 10:04 simu ya Stambuli iliita. Erick.

"Mmefanya nini?"

"Acha dharau. Unajua tumezimika."

"Mmezimika, halafu nani anaendesha?"

"Anaendesha nini?"

"Kile kidude. Kimekaa kwenye ngome yetu. Tumerudi mlangoni tumekuta ukuta wa vyuma. Tumepiga vitatu vya mbele, vimekufa, havitoki. Tumesukuma, havisukumiki. Ngome imetekwa tunaangalia. Stambuli, mmeweka mtu wapi?"

Stambuli aliitoa simu sikioni, akaitazama kama inanuka.

"Rudia hapo kwenye ngome," alisema.

Dakika mbili baadaye ulikuja ujumbe wa Hafidhi, mratibu wa ligi. Matokeo: Bondwa Saba washindi, saa 10:01. Chini yake: Sinza Chuma wamekata rufaa. Wanadai kulikuwa na mtu wa nje aliyeendesha kifaru cha Nasibu.

Wote tulimgeukia mzee.

"Mzee, ulifanyaje?" niliuliza.

"Feni."

"Feni imefanya nini?"

"Ilishusha pumzi. Mara mbili. Nyinyi mnatazama vioo, mimi nasikiliza. Lori likitaka kukuacha linakuambia kwanza kwa mlio. Nikasema hii siyo saa kumi, hii ni sasa hivi."

"Halafu?"

"Halafu kama kule juu. Breki zikikuaga Mgeta husubiri ratiba, mwalimu. Unatafuta ukuta, unaelekeza pua, unatulia. Kuna kile kitufe ukikibonyeza kinakwenda chenyewe bila kushikiliwa. Nikalenga ghala, nikabonyeza, nikatoa mikono."

Ghala lilikuwa ndani ya duara. Kifaru kilikwenda mita sitini bila mtu, kikagota ukutani, kikakaa. Sekunde mia moja.

"Kwa nini hukusema?" Stambuli aliuliza.

"Mlikuwa mnagombana. Na mimi sikujua kama kimefika."

Nilimwambia kosa lilikuwa langu, kwamba nilikuwa na rekodi kumi na tisa na nikazichukulia kama ahadi.

"Umekosea saa," alisema. "Vifaru hujakosea."

Rufaa ilichukua siku nne. Erick aliandika kwenye ukurasa wa ligi kwamba hakuna timu inayoshinda ikiwa haipo. Watu wakamuunga mkono. Wengine walituita wachawi wa Uluguru. Mmoja alisema tufutwe hata kama hatukuiba, kwa sababu tunaharibu mchezo.

Stambuli alitaka tuombe radhi ili mambo yapoe. Niliuliza tunaomba radhi kwa kosa gani. Hakulipata, na mimi sikulipata, kwa hiyo hatukuomba.

Badala yake nilimwandikia Hafidhi mistari mitatu. Kanuni inafuta timu inayopoteza kwa kukatika, sisi hatukupoteza. Saa ilipangwa na Sinza, wakijua mgao. Rekodi ya mechi ipo kwenye mashine kuu. Aitazame yeye, asitusikilize sisi wala wao.

Aliitazama. Jumatano, 21 Septemba, saa 4:10 asubuhi, alitoa uamuzi: tangu saa 9:59 kifaru kile hakikukata kona hata moja, hakikugeuza mzinga, hakikupiga risasi. Hakikuwa na mtu. Matokeo yanabaki.

Watu huniuliza nilijifunza nini. Nilijifunza kwamba ukijua mapema kitu gani kitakuangusha, chagua vifaa vinavyoweza kuendelea na kazi ukiwa chini. Na kwamba daftari linakuambia jana umeme ulikatika saa ngapi. La leo, msikilize dereva.

Saa 4:40 siku hiyohiyo, nikiwa mapumziko shuleni, Erick alinipigia mimi. Marudiano yalikuwa yamepangwa Jumamosi, Oktoba mosi, na safari hii haki ya kupanga saa ilikuwa yetu. Stambuli alikuwa amemwambia azungumze na mimi.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba."

"Naomba marudiano tucheze asubuhi. Hata saa tatu."

"Alasiri ina nini?"

"Vijana wangu hawataki kucheza tena na vifaru visivyo na watu."

"Hiyo siyo sababu iliyopo kwenye kanuni, Erick."

"Najua. Ndiyo maana naomba."

Nilimwambia ombi lake limepokelewa. Kisha nikamtumia Hafidhi saa ya marudiano: 9:55 alasiri.

Aliithibitisha saa 4:52.