Ruqaya Asiyejua Sura

Watu wa Maskati wana lao moja: usipowaamkia, umekwisha. Hakuna atakayekuuliza ulikuwa na mawazo gani. Utaitwa una majivuno, na jina hilo litakutangulia harusini na msibani. Basi Ruqaya, mtoto wa watu wa Unguja aliyezaliwa na kukulia huku huku, alibandikwa jina hilo tangu shuleni, naye maskini majivuno hana hata chembe. Alichokosa ni kujua sura. Macho yake mazima, husoma hata yale maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa. Pua anaiona, mdomo anauona, nyusi anaziona. Akigeuka tu, vyote vimemtoka. Daktari alimwambia kazaliwa hivyo na dawa hakuna. Aliona haya kumwambia mtu, akajitafutia njia zake: huyu kwa sauti, huyu kwa mwendo, yule kwa anavyocheka.

Bi Kheiria, mama yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, alimjua kwa udi na bangili. Bi Kheiria hakuwa mtu wa kuingia mahali kimya kimya. Harufu ilitangulia, kisha dhahabu ikagongana mkononi mpaka walioko jikoni wakajua nani kaja.

Mwaka jana Mzee Hamood, mume wa Bi Kheiria, alifariki. Ruqaya alikimbilia nyumbani kwao, mtaa wa Qurum, akakuta ukumbi umejaa wanawake waliovaa nguo nyeusi. Mjane keshakaa eda: dhahabu kavua yote, udi hajifukizi, na sauti imemkauka kwa kulia. Ruqaya akapita akitoa pole kwa mmoja mmoja. Alipofika kwa mjane mwenyewe, aliyejiinamia, alimpa mkono kama anavyopewa mgeni, akamuuliza kwa adabu, "Nyinyi mlikuwa majirani wa marehemu?"

Bi Kheiria akauvuta mkono wake, akageuza uso.

Tangu hapo Bi Kheiria hakumtaka. Eda ikaisha, na Ruqaya kila akienda huambiwa bimkubwa kalala. Kalala asubuhi, kalala alasiri, kalala mpaka siku ya Idi. Alipojaribu kutuma watu wamwombee radhi, alirudishiwa neno moja: mwenye macho haambiwi tazama. Lilimchoma, akalia siku ile mpaka kichwa kikamuuma. Halafu akapiga moyo konde. Mama mmoja keshamzika. Huyu wa pili hakuwa tayari kumpoteza angali hai.

Kazi yake Ruqaya ni kutembeza wageni katika jumba la makumbusho, na majira yale jumba lilikuwa limeazima kutoka ng'ambo vichwa vya marumaru vya makaisari wa Kirumi. Wenzake walilalamika kwamba wote wana sura moja. Ruqaya alicheka kimoyomoyo, kwa sababu kwake yeye ulimwengu mzima uko hivyo. Lakini alipokaa kusoma, alistaajabu. Kumbe hata mabingwa wa vichwa vile hawaitegemei sura peke yake. Pua nyingi zimevunjika, na wachongaji walipenda kumfananisha mrithi na aliyemtangulia ili waonekane ukoo mmoja. Kwa hiyo wanatazama nywele. Augusto, vishungi vyake juu ya paji la uso vimeachana kama mkia wa mbayuwayu. Hadriano ana ndevu, na kwenye ndewe ya sikio ana mkunjo. Watu wazima, wasomi, wanayasema hayo hadharani na hawaoni haya. Sasa yeye anaficha nini?

Akampigia simu Shatha, binti wa Bi Kheiria. "Mlete mama makumbusho. Hata kama hasemi na mimi."

"Nitamleta pamoja na mashoga zake," alisema Shatha. "Lakini kaapa hatofungua mdomo mpaka umjue mwenyewe."

"Mwambie aje."

Walikuja kundi zima, wamejifunika vizuri, hakuna bangili wala udi. Shatha alibaki mlangoni. Mama yake kamkataza asijitie kati. Ruqaya aliwatazama, hakumjua hata mmoja. Akawasimamisha mbele ya Augusto na Hadriano, akawaeleza habari za vishungi na mkunjo wa sikio, kisha akageuka.

"Hawa nnawajua kwa sababu hawabadiliki," alisema. "Watu siwajui. Nimezaliwa hivyo. Sura ya mtu hainikai, hata ya mamangu mzazi haikunikaa. Katika nyinyi yumo aliyenilea, nami simjui ni yupi. Nimemkosea siku ambayo hakustahiki kukosewa na mtu yeyote, na sikumwambia ukweli kwa kuona haya. Kosa langu ni hilo."

Mmoja alikohoa, mwengine akatengeneza mtandio wake. Kiapo ni kiapo, na Bi Kheiria ni mkaidi wa kutosha kumuuzia mtu ukaidi akabaki na wake.

Ruqaya hakungoja. Alikwenda kwa mama wa kwanza, akashika mkono wake, akainama na kuubusu, kama mtoto wa kwao anavyomwamkia mzazi. "Nisamehe, mama." Akaenda kwa wa pili. Wa tatu alikuwa mdogo kuliko yeye, akacheka na kutaka kuuvuta mkono. Ruqaya akaubusu hivyo hivyo. Wageni wengine walisimama kutazama, akawaacha watazame. Angeibusu mikono yote, maana mmojawapo ndio wenyewe.

Akafika kwenye mkono mwengine, akaubusu, akasema nisamehe, akanyanyuka apite. Mkono haukumwachia.

"Basi," alisema Bi Kheiria. "Usende kwa mwengine."