Niliandikisha Kwamba Alimwita Mzee

Nikikusimulia hii utanicheka, na mimi kuchekwa nimezoea, ndiyo kazi yangu kijiweni. Ila siku zote mjinga wa hadithi namtafuta kwingine. Hapa ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa nampeleka mama Mbinga kwa pikipiki, tumetoka Mbaha asubuhi na gunia la usipa mkavu, dagaa wa ziwani kwetu, nimelifunga nyuma. Mimi nina helmeti, mama ana kitenge. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akatusimamisha.

"Helmeti ya abiria iko wapi?"

Mwenye akili angesema samahani afande. Mimi nikasema, "Afande, huyu kabeba ndoo kichwani tangu msichana. Ukimvalisha helmeti, helmeti ndiyo itaumia."

Wauza ndizi wa pale kando ya barabara wakacheka. Askari mwenzake akacheka. Huyu wetu hakucheka. Akaniacha mimi, akamgeukia mama, akamtukana. Tusi la nguoni, la pale nilipotokea mimi, tena kwa sauti ya kumfikia dereva wa lori la makaa ya mawe nyuma yetu. Kicheko kikakatika. Mama akashika kitenge chake, akajifunga upya kiunoni, kama vile kilikuwa kimefunguka. Hakikuwa kimefunguka.

Tulipofika mjini mama akaniambia, "Nataka aniombe radhi mbele ya mkubwa wake. Basi."

Tukaenda kwa dada mmoja msaidizi wa sheria, anasaidia watu bure jirani na soko. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Helmeti ni kosa lako, faini utalipa," akaniambia. "Tusi ni kosa lake. Moja halifuti jingine."

Akatueleza kwamba kumtukana mtu hadharani ni kosa hata kwa mwenye sare. Tuanze kwa mkuu wake wa kituo. Akitupuuza, tupande kwa mkuu wa polisi wa wilaya, halafu mkoani Songea, na ipo tume ya serikali ya haki za binadamu, hiyo inapokea hata barua. Kisha akanikazia macho.

"Shahidi ni wewe. Wauza ndizi hawatakuja, wanauzia pale pale. Ukiulizwa, usiseme 'alimtukana'. Sema alichosema, neno kwa neno, waandike hivyo hivyo."

"Dada, kwa mdomo mimi hunidai," nikamjibu.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu mzuri tu. Alimwamkia mama shikamoo, akampa kiti, akamwita yule askari, akavuta karatasi.

"Mama, alikwambiaje?"

"Siwezi kulitamka, mwanangu. Kijana wangu alisikia."

Nikafungua mdomo. Mama yuko pembeni, goti lake linagusa langu. Kwetu mtoto wa kiume akishaota ndevu hata kitanda cha mama yake hakikalii. Nguo zake zikianikwa, unapita njia nyingine. Sasa nilitamke neno lile, nimtaje na mama humo humo, mwenyewe anasikia? Ulimi ukagoma.

"Afande, lilikuwa neno... refu kidogo."

Hakuna aliyecheka.

"Neno gani, kijana?"

"Alimwita... mzee."

"Mzee?"

"Eeh. Mzee. Ila kwa ukali."

Kalamu ikaandika. Nikasomewa, nikaweka sahihi. Yule askari akashusha pumzi, akasema kwa adabu kabisa, "Mkuu, huyu ni mzee wetu. Nilimwita kwa heshima."

Mkuu akanitazama muda mrefu, kama ananisubiri. Nadhani alijua. Nikaangalia viatu vyangu. Akafunga jalada. Mama akasema asante, tukatoka.

Yule dada aliposikia alishika kichwa. Akasema bado tunaweza kuandika wilayani, ila ile karatasi yenye sahihi yangu itatutangulia kila tutakapokwenda. Nikasema nitakwenda kuifuta, nitasema nilidanganya. Mama akasema hapana, imetosha, twende nyumbani.

Tangu siku hiyo hajapanda tena kwenda Mbinga. Usipa anamuuzia yeyote anayefika ufukweni, kwa bei ya huyo huyo anayefika. Kanisani, kwenye kikundi cha akina mama, alikuwa anakaa mbele. Siku hizi anakaa karibu na mlango. Na mimi kijiweni bado wananiomba vichekesho. Nawapa. Wanacheka sana.

Wiki iliyopita tulikuwa tunageuza usipa kwenye chanja, wawili tu. Nikajikuta nimesema, bila kuulizwa, "Mama, nilishindwa kulitamka mbele yako."

Hakuinua uso. Akamaliza kugeuza upande wake, akapangusa mikono.

"Si ungeniambia nitoke nje, mwanangu," akasema. "Ningetoka."