Koti Lililobaki Kazini

Fundi mmoja wa nguo alikuwa na binti, na binti huyo watu walimwita Pini. Jina lilitoka chini ya cherehani. Alipokuwa mdogo, kazi yake ilikuwa kutambaa sakafuni na sumaku akikusanya pini zilizomdondoka baba yake, na akipata hata moja alipiga kelele utadhani ameokota dhahabu. Akakua, akasoma, akaonekana ana kichwa cha hesabu, lakini jina likagoma kutoka. Siku alipopata ajira ya uhasibu kwenye kampuni ya kusambaza vipuri vya magari, mtaa mzima ulisema Pini kapata kazi, na hakuna aliyelikumbuka lile jina la kwenye vyeti.

Baba mtu alivimba kichwa, na nani wa kumlaumu? Miaka nenda miaka rudi alishona sare za watoto wa wenzake ili wa kwake asome. Kila mteja aliyeingia kupimwa kiuno alisimuliwa habari za mhasibu, atake asitake. Mzee akaapa kwamba mwanawe haendi ofisini na koti la dukani wakati yeye bado anapumua. Akatafuta kitambaa cha kijivu, kizito, akakitilia bitana ya zambarau kwa ndani, akawa anakishona huku mlango kaurudishia, hataki mtu achungulie.

Asubuhi ya kwanza ya kazi Pini akalivaa mbele ya kioo cha chumba cha kushonea. Lilimkaa, acha tu! Mabega mahali pake, mikono imekomea panapotakiwa. Alipoanza kulifunga, vidole vikagongana. Vifungo vilikuwa upande wa kulia, upande wa makoti ya kiume. Hilo ni kosa ambalo hata mwanafunzi wa cherehani halifanyi, sembuse mzee aliyeshona tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Pini akainua macho, yakakutana na ya mama yake ndani ya kioo. Mama akatikisa kichwa kidogo: usiseme kitu.

"Vipi, linabana?" baba akauliza.

"Halibani, baba. Limenikaa vizuri mno."

Wakaliacha hivyo. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya kwanza, ila siku ya furaha nani anataka kusikia habari za dalili?

Huko ofisini sasa, weee! Chuoni walimfundisha kwamba hesabu ni jambo la utulivu. Hawakumwambia habari za chumba kimoja chenye meza zilizobanana, simu zinazolia kwa zamu, ankara zilizorundikwa hadi kidirishani, na meneja wa fedha ambaye hajui kusema neno bila kuongeza "leo hii". Mwisho wa mwezi kulikuwa na kitu kinaitwa kufunga hesabu. Kila kilichouzwa na kila kilicholipwa lazima kikubaliane na taarifa ya benki, na kisipokubaliana hakuna kutoka. Wakishamaliza kufunga mwezi mmoja, wa pili umeshawabishia hodi. Pini akaanza kuumwa tumbo kila jioni ya Jumapili. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Akajifunza kulia chooni bila sauti, kisha kunawa uso na kurudi mezani macho makavu, kama mtu aliyetoka kunawa mikono tu.

Aliyemhurumia alikuwa dada wa mishahara, mwanamke mcheshi aliyekaa meza ya jirani.

"Mdogo wangu," alimwambia, "njoo nikupe elimu ambayo huko chuoni hawaitoi. Huyu meneja wetu hatazami watu, anatazama viti. Kiti chenye koti kina mwenyewe. Yuko chooni, yuko bohari, atarudi. Kiti kitupu, huyo katoroka, na kesho atasemwa mbele ya kadamnasi. Sasa wewe una koti zuri hivyo unalivaa la nini? Litundike hapo lifanye kazi, wewe nenda kwenu."

Pini akacheka, mara ya kwanza tangu aajiriwe. Akalitundika. Kweli bwana, ilikuwa dawa. Siku ambazo kazi ilipungua kidogo alichomoka jua likiwa bado lipo, akamkuta baba yake yuko macho, wakala pamoja. Koti likabaki kitini siku zote, hata Jumamosi na Jumapili, maana ukilichukua mara moja tu umejichongea.

Baba yake aliona.

"Koti liko wapi?" alimuuliza.

"Liko kazini, baba."

"Lilete siku moja nilitazame."

"Nitalileta."

Akauliza tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Pini alijua mzee siku hizi anarudia maneno, hakutilia maanani. Mzee alikuwa pia ameanza kukata vitambaa vya wateja vifupi, na mama akawa anawarudishia watu fedha zao kimyakimya mlangoni na kuwaomba radhi. Baadaye wateja wakakoma kuja. Mzee akaendelea kukaa kwenye cherehani yake kila asubuhi, futi ya kupimia shingoni, akingoja.

Hapo ndipo wazo la kuacha kazi lilipomwingia Pini, nalo likamkaa rohoni. Mwaka ulikuwa haujakatika. Alipojaribu kugusia kwa meneja kwamba amechoka, meneja alimtazama kama mtoto anayedai pipi. "Wote tulianza hivyo. Ukiondoka kabla ya mwaka, nani atakuajiri? Utaonekana huna msimamo." Na mama naye, ambaye ndiye aliyekuwa akimwogesha mzee na kumtafuta mitaani akipotea, alisema hivyohivyo kwa njia yake. "Jikaze, mwanangu. Dawa za baba yako zinatoka kwenye hiyo kazi. Na yeye kitu kinachomfurahisha duniani ni kimoja, kwamba uko ofisini. Utamnyang'anya na hicho?"

Mtu amwambie nini mama yake hapo? Pini akajikaza. Kila jambo akaliahirisha hadi hesabu zifungwe.

Mchana mmoja wa kufunga nusu mwaka, mama akapiga simu. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Pini alishaisahau.

"Njoo, mwanangu! Leo kaamka vizuri. Kanitaja kwa jina, kanyoa ndevu mwenyewe. Anakuuliza wewe, anauliza na koti. Njoo sasa hivi."

Pini akatazama meza. Tofauti na benki ilikuwa bado haijaonekana, na meneja alikuwa amesimama palepale nyuma ya kiti, kwa hiyo siku hiyo hata koti lisingemsaidia.

"Mama, siwezi. Tunafunga hesabu. Nitakuja kesho mapema."

"Basi mwambie mwenyewe."

Simu ikabadilisha mikono. Pumzi ya mzee ikasikika kwanza, halafu sauti yake, ile ya zamani kabisa.

"Pini?"

"Baba. Shikamoo. Leo nitachelewa, tunafunga hesabu."

"Marahaba. Fungeni, mwanangu, fungeni. Kazi ni kazi."

Kesho yake Pini alifika nyumbani mapema kweli. Baba yake akampokea vizuri, akamkaribisha kiti, akamwita dada. Alidhani ni dada yake aliyefariki zamani, kabla Pini hajazaliwa. Pini akasema, "Ni mimi, baba." Mzee akatabasamu kwa adabu, kama mtu asiyetaka kumkosea mgeni, kisha akamgeukia mkewe: "Yule binti mwenye koti hajarudi?"

Maneno hayo yalimuumiza Pini, tena sana, lakini yalimpa na tumaini. Akakaa nayo. Kumbe mzee anamkumbuka kwa koti! Basi siku atakayolivaa aingie nalo mlangoni, atamjua. Likawa ndilo tegemeo lake. Lakini kulichukua koti ni kuacha kiti kitupu, na kuacha kiti kitupu ni kumwaga unga. Akasema tumalize mwezi huu kwanza. Nakwambia, mtu akizoea kusubiri hata moto husubiri!

Mzee akaanguka bafuni asubuhi ya Jumanne. Hakuvunjika, lakini alichanganyikiwa vibaya, na Pini na mama wakashinda naye mchana kutwa hospitalini wakihamishwa kutoka benchi hadi benchi. Pini alimpigia meneja, hakupokea. Akamtumia ujumbe, haukusomwa. Daktari, kijana mpole, akawaeleza bila kuzunguka: kumbukumbu za mzee zinaondoka kidogo kidogo, dawa zitapunguza mwendo, hazitazirudisha. Mama akaitikia "sawa, daktari" kana kwamba anaelekezwa njia.

Asubuhi iliyofuata Pini akaenda kazini roho juu, kajiandaa kwa barua ya onyo. Meneja akaja moja kwa moja hadi mezani kwake, akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti, juu ya koti.

"Mnamwona huyu?" akawaambia wote. "Jana napita saa za jioni, kila mtu kaondoka, koti lake lipo. Hiyo ndiyo roho ya kazi ninayoitaka. Igeni."

Dada wa mishahara, aliyejua siri ya koti, akainamisha kichwa kwenye droo akijifanya anatafuta stepla, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Alipoinuka akaona uso wa Pini, kicheko kikamkauka.

"Mdogo wangu, vipi?"

"Sikuwepo, dada. Kutwa nzima sikuwepo. Hawakujua."

Miezi yote hiyo tumbo likimuuma, na nyumbani baba anamtoka mikononi, yeye alikuwa akijiambia ofisi haiwezi bila yeye. Kumbe koti linatosha! Hasira ilimpanda, lakini huzuni ilikuwa kubwa kuliko hasira. Akaandika mistari michache ya kuacha kazi, akaisaini, akaiweka mezani kwa meneja kabla hajajionea huruma. Meneja akasema atajuta. "Nimeshajuta," Pini akamjibu, na ilikuwa kweli tupu.

Akalitwaa koti, akalivaa. Dada wa mishahara akamfunga vifungo yeye mwenyewe kama anayemvisha mtoto wa shule, akapata tabu navyo. "Mbona vimekaa kiume?" akauliza. Pini akamkumbatia.

Barabarani jua lilikuwa kali, naye hakulivua. Jasho lilimtiririka mgongoni njia nzima. Alikuwa akipanga maneno: Baba, nimelileta. Baba, ni mimi, Pini wako. Alipofika alimkuta mama akianika nguo, akampita, akasimama kwenye mlango wa chumba cha kushonea mahali ambapo mwanga ungemwangukia vizuri.

"Shikamoo, baba."

Mzee akainua uso kutoka kwenye cherehani. Macho yakashuka kwenye koti, yakang'aa. Jamani, yaling'aa! Akasimama, akamfuata, akashika ukosi kwa vidole viwili, akafunua ndani akaiona bitana.

"Hili nimeshona mimi," akasema.

"Ndiyo, baba. Wewe."

"La binti yangu. Mhasibu. Yuko ofisi kubwa." Akamtazama Pini usoni, na mng'ao ukazimika. "Wewe umelipata wapi?"

Mama alikuwa ameshafika mlangoni, nguo mbichi mkononi. Pini alitaka kusema ni mimi, akaliacha.

"Kanipa nilete," akasema. "Kaniambia ulikuwa unataka kulitazama."

"Ah, umefanya vizuri. Vua, vua." Akalipokea kama anapokea mtoto mchanga, akalilaza juu ya meza ya kukatia. Akapapasa vifungo kimoja kimoja. "Nilimkosea. Unaona? Nimeviweka upande wa kiume. Nililiona kosa siku ileile alipotoka mlangoni, nikaona haya kumwita. Nikasema akirudi jioni nitambadilishia, ziba matundu, toboa mapya, kazi ndogo tu. Hajarudi nalo. Kila siku namngoja arudi nalo."

Mama akaziba mdomo kwa ile nguo mbichi. Pini akavuta kigoda, akamtungia mzee uzi kwenye sindano. Mzee akachukua mkasi mdogo, akakata vifungo vyote, polepole, kwa ustadi uleule wa siku zote. Vingine vikabingirika sakafuni. Pini akapiga magoti akaviokota chini ya cherehani, akamwekea kiganjani.

Mzee akavitazama. Akavigeuza, akatazama koti, akatazama sindano.

"Hivi ni vya nini?"

"Vya koti la binti yako," Pini akasema.

"Yuko wapi?"

Machozi yalikuwa yanamdondoka Pini mbele ya mzee wala hayafuti. Baba yake akamwona analia, akamhurumia, akampiga-piga begani kumtuliza.

"Usilie, dada. Atakuja," akasema. "Tusimsumbue tu. Wanafunga hesabu."