Majivu Ndani ya Breki

Siku niliyoolewa, pikipiki iling'aa kuliko bibi harusi, na sikuficha kuudhika kwangu. Nilitoka kanisani Rongai nikaikuta imesimama juani, kila spoku inameta, kitovu cha gurudumu kinanionyesha pua yangu ikiwa pana kuliko nilivyojua. Mume wangu, karani wa mizigo katika stesheni ya Nakuru, alikuwa ameinunua kuukuu kwa mzungu mmoja aliyerudi kwao, na nilizoea kuiona na rangi ya vumbi. Nilipomuuliza ni nani aliyeing'arisha, alisema aliamka akaikuta hivyo. Labda dada zake.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Wageni walipakiwa kwenye lori wakatangulia Nakuru, kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako karamu ilikuwa ikipikwa. Sisi tulifuata nyuma, mimi nimekaa upande, gauni nimelikumbatia kama mtu anayepeleka kuku sokoni. Nilikuwa na furaha, nisiseme uongo, ila ilikuwa furaha yenye mwiba, na mwiba wenyewe ulikuwa mama mkwe.

Watu wake walitoka magharibi, wakaja na reli, na kwao chakula ni samaki. Sisi ni watu wa ng'ombe. Siku ya kwanza nilipopelekwa kumsalimia, alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi vidole vya miguu, kisha akamuuliza mwanawe, si mimi, "Huyu anakula samaki?" Nikajibu kwamba nitajifunza. Aliitikia kwa pua akarudi kusugua sufuria yake. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu yote.

Kusugua kwenyewe kulikuwa na sheria. Landhi nzima ilijua majivu ya yule mama: aliyachekecha hadi yakawa laini kama unga, akayafungia kwenye mkebe wenye kifuniko, na ole wake atakayeugusa. Tena hakusugua chombo kisicho chake. Sufuria ya kuazima aliisuuza kwa maji tu, akairudisha, akisema mwenyewe ataisugua kwake. Nilipokuwa pale, kikombe changu cha chai kilisuuzwa kwa maji. Nilikiona, na nilielewa.

Halafu siku ya harusi hakuja kanisani. Alituma neno kwamba lazima mtu abaki na vyungu. Dalili ya mvua ni mawingu, nilijiambia. Mama amekataa kuona mwanawe akioa. Mimi nitapokelewa na nani mlangoni?

Tulikuwa hatujaenda mbali, mashamba ya mkonge bado yako pande zote mbili, pikipiki ilipoanza kulalamika. Mume wangu alizidisha moto, ikanguruma zaidi na kwenda polepole zaidi. Tulifika mahali barabara inapoteremka, pale ambapo hata mkokoteni ungejiendea wenyewe, sisi tukasimama.

"Ni petroli chafu," akasema, akavua koti la harusi na kulitundika kwenye mkonge. Akafungua plagi, akaipuliza, akairudisha. Injini ikawaka vizuri kabisa, nayo pikipiki ikakataa vizuri kabisa.

Mwanamke mmoja alipita na mzigo wa kuni, akasimama kutuangalia kwa starehe.

"Bibi harusi, umetoroka ama umefukuzwa?"

"Bado sijafika, mama. Nifukuzwe na nani?"

"Basi fika haraka. Mama mkwe akingojea sana, chakula inapoa na yeye anapata moto." Akaenda zake akicheka. Nami nilicheka, lakini maneno yale yalinikaa.

Mimi ndiye niliyenusa. Harufu ya kitu kinachoungua, si ya petroli. Niliinama nikagusa kitovu cha gurudumu la nyuma, na glavu yangu nyeupe ikatoka na alama ya kahawia. Niliruka kama niliyekanyaga kaa la moto.

"Ni breki! Umekanyaga breki tangu kanisani?"

"Mguu yangu iko hapa, unaiona!"

Aliiweka kwenye stendi akazungusha gurudumu kwa mkono. Lilikwaruza, likagoma kabla ya kumaliza mzunguko mmoja. Akalegeza nati ya kurekebishia breki, ile iliyo mwishoni mwa fimbo. Likagoma vilevile. Ndipo nilipomwambia akanyage breki na kuachia huku mimi natazama. Pedali ilirudi juu. Lakini kule nyuma, kile kimkono cha chuma kinachovutwa na fimbo kilibaki pale pale kilipovutwa. Nilikisukuma kwa kidole kikasogea shingo upande, kikikwaruza kama meno yanayotafuna mchanga.

"Imekwama ndani," nikasema.

"Basi tufungue." Akanitazama, akatazama gauni, akatazama jua. "Ama tungojee lori irudi kututafuta?"

Nifike mlangoni kwa mama mkwe nikiwa nimebebwa kama gunia la viazi? Nilikunja mikono ya gauni.

Tulingoja kitovu kipoe, kisha akatoa cheni, fimbo na ekseli, gurudumu likatoka, nami nikalipokea. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya breki vilivyopinda kama mwezi mchanga, na kati yao pini inayovitanua ukikanyaga na kuviachia ukiondoa mguu. Pini ile haikuachia. Aliigonga kwa mpini wa bisibisi hadi ikatoka, imevaa uji mzito wa kijivu uliokauka.

Aliuchukua kidogo, akausaga kati ya vidole. Kisha akaanza kucheka, akakaa chini vumbini na suruali yake ya harusi.

"Majivu," akasema. "Hii ni majivu ya mama. Angalia vile iko laini. Hakuna mwingine anachekecha namna hii."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa ameisugua alfajiri kwa majivu na maji, pande zote, hadi maji ya majivu yakapenya ndani. Asubuhi yalikuwa bado mabichi. Jua la Rongai liliyakausha tulipokuwa kanisani tukiimba.

"Na hii pikipiki hajawahi kuigusa," mume wangu akaendelea, akipangusa machozi ya kicheko. "Anasema ni ya mzungu. Ameisugua leo sababu ni wewe inakuja kubeba."

Nililia. Pale pale barabarani, gurudumu mapajani, nililia kwa furaha hadi akaogopa. Kisha tukafanya kazi. Tuliosha pini kwa petroli na leso yake, tukaipaka mafuta mazito ya kujipaka niliyofungiwa na shangazi ili niwe laini. "Kidogo tu," akanionya, "ikifika kwenye breki, tutasimama Naivasha." Tuliporudisha kila kitu nikazungusha gurudumu kwa kidole kimoja, likazunguka kimya, likazunguka, likazunguka, nasi tumelisimamia tukilishangilia kama wendawazimu.

Tulikubaliana hatutamwambia mama mkwe kamwe. Kila Krismasi aliisugua tena, na kila baada ya Krismasi mume wangu alifungua gurudumu bila kunung'unika.

Siku ile tulishuka Nakuru upepo ukitupiga usoni, Menengai upande mmoja, ziwa lenye rangi ya waridi kwa wingi wa flamingo upande wa pili, nami nikiimba kwa sauti. Mama mkwe alikuwa mlangoni. Alitazama gauni langu, kisha magurudumu.

"Mmeichafua," akasema. "Na vile nilikuwa nimeisugua."

"Pole, mama," nikasema. "Iling'aa sana. Iling'aa kunishinda."

Hapo akaona mikono yangu, myeusi hadi viwikoni. Wageni wote walikuwa wakitazama. Aliingia ndani, na moyo wangu ukasimama kama pikipiki ile. Alitoka na karai la maji, na kwapani ameubana mkebe wake.

"Samaki iko," akasema, akinivutia kwenye kigoda. "Maziwa pia iko, nilitafuta. Leta mkono."

Akafungua kifuniko, akachota majivu, akaanza kunisugua, kidole kimoja kimoja.