Nilivyoandika "Vizuri" Juu ya Kidonda

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiitaja uso unaniwaka kwa aibu. Nakuhadithia kwa sababu nimesoma karatasi yako ya maswali, na Jumatatu unapanda mtaa wa Cimpunda, kule mlimani, kuuliza jinsi wazee wanavyouguzwa nyumbani. Maswali yako ni mazuri. Yangu pia yalikuwa mazuri, na ndiyo yaliyoniponza.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, msichana wa miwani na viatu visivyopenda matope. Utafiti wangu ulikuwa huo huo wako: mzee asiyeweza tena kufika hospitali, nani anamtunza, na kwa namna gani. Nilikuwa nimefundishwa adabu: ukifika kwa watu, zungumza kwanza na baba mwenye nyumba. Basi nikawa natuma habari siku mbili kabla, nafika, napewa kiti, nafungua fishi zangu, karatasi za maswali. Unacheka? Ngoja.

Pale Cimpunda kulikuwa na fundi wa kushona, Papa Bahati, aliyekuwa akiishi na mama yake mkongwe, Nsimire, ambaye mtaa mzima ulimwita koko, bibi yao. Nilimkuta koko amekalishwa sebuleni kwenye kiti cha mbao, amevikwa kitenge cha misa. Nikauliza, na mwana akajibu.

"Koko analalaka bien?"

"Analalaka muzuri, docta." Udaktari huo alinipa yeye, nami sikuukataa.

"Iko na kidonda?"

"Aa, wapi! Bibi yangu Furaha anamuogeshaka kila siku."

Koko alitabasamu tu, mikono imeshika kingo za kiti. Saa nzima nikatia alama kwenye "vizuri", kutoka juu mpaka chini. Nikanywa fanta yao, nikaaga, na njiani nikajisifu kwamba kazi inakwenda.

Wiki iliyofuata nikagundua kwamba koko hakuweka dole gumba kwenye karatasi ya kukubali. Mama wee! Nimemaliza maswali yote bila kumwomba ruhusa mwenye mwili. Nikapanda tena, safari hii bila kutoa habari. Papa Bahati alikuwa kazini, na mke wake, Furaha, alikuwa nyuma ya nyumba akifua. Akanielekeza chumbani. Koko alikuwa amelala ubavu, na chumba kilinuka. Harufu ile nilikuwa nimeisoma vitabuni, sikuwa nimewahi kuisikia.

"Funga mulango," akasema.

Nikafunga. Akajifunua mwenyewe. Chini ya kiuno kulikuwa na kidonda cha kulalia, upana wa kiganja changu.

Nikaanza kulia. "Koko, juu ya nini haukusema ile siku? Banasema mficha uchi hazai."

"Nilisha zaa nane," akanijibu, na akacheka, huyo mwanamke! Kisha uso ukabadilika. "Weye ulinikalisha saa muzima juu ya hii kidonda, unaangalia tu kinywa ya mutoto yangu. Mutoto mwanaume asikie mambo ya matako ya mama yake? Na Furaha akisikia namusema mbele ya mugeni, kesho atanigeuza na roho gani? Ulisoma, mutoto, lakini hauna macho."

Mwanangu, nimeketi mbele ya maprofesa wengi katika maisha yangu. Hakuna aliyenifundisha kama bibi yule.

Muuguzi wa kituo cha afya niliyemwita alipokuja, alisema wazi: kidonda kikifika kwenye mfupa, koko hatutakuwa naye. Furaha akajitetea huku machozi yakimtoka. Alikuwa akikiona, lakini aliogopa mumewe angesema amezembea kumtunza mama. Basi nikakata shauri. Kila asubuhi nilipanda mlima ule kwa miguu. Tulijifunza pamoja, mimi na Furaha, kumgeuza koko kila baada ya saa mbili, kumwosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kumwegemeza kwa mito. Mito hiyo aliishona Papa Bahati mwenyewe. Tulimwambia ni ya mgongo, naye akashona bila kuuliza. Nadhani alijua. Kidonda kilichukua miezi, lakini kilifunga.

Na fishi zangu? Profesa wangu alisema nyumba moja haiharibu utafiti, nimalize, siku ya kuutetea mbele ya walimu imekaribia. Nikamwambia hapana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimeandika habari za vitanda vya mtaa mzima nikiwa nimekaa sebuleni. Wenzangu walivaa majoho mwaka ule. Mimi nilirudi mlango kwa mlango, na sasa nilianza na mzee mwenyewe, peke yake. Nilikuta vidonda, njaa, hata kipigo, katika nyumba nilizokuwa nimezisifia.

Nyumba ya sita nilikuta watu wamekaa matanga. Mzee wa pale nilikuwa nimemwandikia "vizuri" kila mstari. Mjane wake akanipa kiti, akanishukuru kwamba angalau nilikuja kumwona mumewe alipokuwa hai.

Sikuwa nimemwona.

Basi shika neno langu, mwanangu. Usitangulize habari ya kuja kwako, maana watakuvalishia mzee kitenge. Msalimie baba mwenye nyumba kwa heshima zote, kisha mwombe akuachie nafasi na mzee. Mke wa nyumba msikilize naye peke yake, kwa maana anabeba mzigo na hofu. Tazama kabla ya kuandika. Na ukigundua umeandika uongo, chana, rudi, anza tena, hata kama wakubwa wako watanuna. Watazoea.

Mungu akutie nguvu za magoti, akupe uso ambao wazee watauamini. Na siku yako ya kulala kitandani ikifika, akuletee mtu atakayekuuliza wewe kwanza.