Mlio wa Gurudumu Siku ya Kumfuata Mama

Chumba cha mama kilikuwa tayari. Nilikipaka chokaa mwenyewe, nikatundika pazia, nikaweka kiti karibu na dirisha ili jioni nikae pale nimsomee Zaburi. Ndicho alichokuwa anataka. Mama hakujua kusoma. Mimi nimesoma nikiwa mtu mzima, masomo ya jioni, na muda wote ule yeye ndiye aliyekuja Kibondo kukaa na wanangu wakiwa wadogo. Alipougua huko kwake Kasulu akasema, "Njooni mnichukue. Nimelea watoto ili mtu asome. Sasa anisomee."

Kwa basi asingeweza, kukaa tu ilikuwa shida. Kwa hiyo tulitandika godoro nyuma ya pikapu yetu, mume wangu akafunga turubai juu, tukaomba, tukaondoka asubuhi.

Hatukutoka hata mjini. Gurudumu la mbele upande wa dereva likaanza kusaga, kama mtu anayekwangua bati kwa jiwe. Tukipunguza mwendo nalo linapunguza, tukiongeza nalo linaongeza. Mume wangu akatoa gia, akaliacha gari litembee lenyewe. Bado linasaga.

"Siyo injini," akasema. "Ni huku kwenye gurudumu."

"Twende hivyo hivyo, baba."

"Na wakati wa kurudi, mgonjwa yuko nyuma, gurudumu likichomoka?"

Tukageuza kwa fundi.

Fundi tunafahamiana, mke wake tuko naye kwaya moja. Alilisikia gari kabla hajatuona.

"Mama kwaya, leo mmeniletea besi?"

"Tunamfuata mama Kasulu, fundi. Anaumwa. Liangalie upesi."

Akaacha utani. Akapiga jeki, akalizungusha gurudumu kwa mkono huku ameinamisha sikio. Likakwaruza. "Beringi hilo," akasema. "Limekwisha."

Mume wangu akalishika juu na chini, akalitikisa. "Mbona halichezi?"

"Mengine hayachezi, mzee wangu. Yanalia tu, mpaka siku yanakatika."

Kukatika. Neno hilo lilitutosha wote.

Siku ya kabla yake tulikuwa tumebeba kokoto za kanisa. Sisi kina mama tunaponda mawe kwa nyundo, kila mmoja na ndoo yake, ndiyo sadaka yetu ya ujenzi, na pikapu yetu ndiyo inayopeleka. Mume wangu alirudisha gari nyuma mpaka likapanda juu ya rundo, ili tusitembee mbali na ndoo. Kwa hiyo fundi alipofungua gurudumu na kuvuta ile diski ya breki, kokoto moja ikaanguka kwenye gunia alilotandika chini, sikushangaa. Niliiokota nikacheka.

"Kokoto za kanisa zimetufuata mpaka huku."

"Zinadai sadaka ya pili," fundi akasema, naye akacheka.

Kitu cha sadaka hakitupwi. Niliifunga kwenye pindo la kitenge ili nikairudishe, wala sikuitazama. Fundi akaendelea kugonga. Beringi likatoka, na Kibondo nzima hakukuwa na la namna ile. Likaagizwa Kasulu, lije na basi la asubuhi. Linatoka hukohuko alikolala mama.

Mchana mdogo wangu wa kike, aliyekuwa anamuuguza, akamwekea simu sikioni. Kwetu mama humsalimii kwa mdomo tu, unapiga makofi taratibu, naye anakuitikia hivyo hivyo. Nikabana simu begani, nikapiga makofi pale gereji katikati ya nyundo. Nikasikia na yake, kwa mbali, ya viganja vikavu.

"Mama, gari linatengenezwa. Kesho tunafika."

"Msije na gari bovu likawaua. Kile kiti umeweka?"

"Nimeweka."

"Haya basi."

Kesho yake beringi likaja, fundi akafunga, gari likanyamaza kabisa. Mume wangu alipiga mluzi njia nzima mpaka Kasulu. Tulipokata kona ya nyumbani tukaona mabenchi nje, wanaume wamekaa, na mtu anapasua kuni. Mume wangu akaacha kupiga mluzi.

Mama alikuwa ameondoka alfajiri. Hawakutupigia. Walisema dereva hapewi habari ya msiba akiwa na safari.

Tulimzika. Siku moja baadaye nimekaa mkekani, najifunga kitenge vizuri, nikagusa kitu kigumu kwenye pindo. Ile kokoto. Upande mmoja ilikuwa jiwe la kawaida, na upande wa pili imelika ikawa bapa, laini, inang'aa kama kijiko. Kuponda kwetu hakufanyi jiwe hivyo. Ni chuma kinachozunguka kimeikwangua.

Nikampelekea mume wangu nje. Aliigeuza mkononi. Akaenda kwenye gari, akatoa lile beringi la zamani chini ya kiti, akalivalisha vidole viwili na kulizungusha. Hata baada ya kugongwa nyundo vile, lilizunguka kimya.

"Ilikuwa imebanwa kwenye diski," akasema. "Ilipodondoka ndipo gari lilipopona."

"Asubuhi ileile."

"Asubuhi ileile."

Tungefika mchana. Mama angelala kwenye godoro lile tukarudi naye polepole, na jioni hata Zaburi moja ningeisoma. Nimeomba sana juu ya jambo hili. Mungu hakukosea, najua, na fundi hakuwa na nia mbaya. Lakini godoro tulirudi nalo Kibondo limekunjwa, na mkono wangu ulikuwa juu yake njia nzima.

Kokoto niliirudisha kwenye rundo la kanisa. Imeshachanganywa kwenye zege na zingine.

Jumapili moja fundi alinikuta nje ya kanisa, akanipa pole tena kwa mikono miwili.

"Na gari je, mama kwaya? Linalia?"

"Halilii."

"Si unaona. Nilikwambia ni beringi."

Mke wake alikuwa pembeni yake, ananitazama kwa huruma. Nikamwambia ahsante, fundi, nikaenda kukaa na wenzangu wa sauti ya pili.