Sensa ya Tairi la Nyuma

Naungama kwamba niliwahi kubandika plasta juu ya taa ya upepo wa tairi kwenye dashibodi ya gari langu, isinikere nikienda ibadani.

Juzi, kwa fundi tairi huku Ilemela, mteja mmoja alitaka rimu mpya zifungwe haraka, bila kuhamishia sensa za upepo, vile vifaa vya ndani ya tairi vinavyowasha taa hiyo upepo ukipungua.

"Sensa? Si walishatuhesabu?" alitania. "Namwahisha mama hospitali Sengerema."

"Hii inahesabu upepo," fundi akajibu bila kucheka. "Mama atakaa upande gani?"

"Nyuma, kushoto."

Fundi akamwekea sensa moja kiganjani. "Hii ndiyo ya tairi lake. Itupe mwenyewe."

Mteja akamtazama mama yake pale kwenye benchi, amefumba macho kwa maumivu. Akairudisha.

"Zifunge zote."

Plasta yangu nimeshaibandua. Nawe msomaji, tafadhali, kabandue yako.